Masurufu ya Kambi: Chakula cha Watu Kumi kwa Siku Mbili, Bila Barafu na Bila Gharama Kubwa

Likizo za Aprili, Agosti na Disemba zikikaribia, madrasa zetu, vikundi vya vijana na hata familia huanza kupanga kwenda kupiga kambi. Kuna wanaoelekea Shimba Hills kule Kwale, kuna wanaokwenda fukwe za Msambweni, Watamu au Shela, na kuna wanaotandika mahema shambani kwa babu, chini ya mikanju. Popote waendako, siku chache kabla ya safari mzazi huletewa karatasi ya mchango, na hapo ndipo nyumba nyingine hunyamaza. Mtoto wa mama anayeuza viazi vya karai hubaki nyumbani, wenzake wakaondoka.

Gari lina bei yake, na kiingilio cha mbuga hakipunguzwi kwa maneno matamu. Lakini chakula ni fungu tunaloweza kulipunguza sisi wenyewe, bila kumlaza mtoto na njaa. Ukitazama vizuri utaona fedha nyingi za kambi huenda kwenye mkate wa dukani, soda, chipsi za njiani, soseji na barafu ya kuzihifadhi. Vyote hivi huisha upesi, havishibishi, na vingine huharibika kabla ya kuliwa.

Wapwani hatukuanza kusafiri jana. Wazee wetu walikaa baharini siku nyingi kwa mchele, nazi, tende na papa mkavu, na friji hawakuwa nayo. Masurufu hayo bado yako sokoni, na bado ni ya bei nafuu kuliko ya makopo. Makala haya yanaeleza namna ya kuyapanga kwa watu kumi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Kundi likiwa la watu ishirini, zidisha mara mbili.

Mambo matatu ya kuchagulia chakula

Kabla ya kuandika chochote kwenye orodha, kipime kwa maswali haya.

Kwanza, je, kitakaa siku mbili bila barafu? Nazi nzima inakaa majuma kadhaa, lakini tui likishakamuliwa huchacha siku hiyo hiyo. Kwa hivyo beba nazi, usibebe tui. Ng'onda na papa mkavu hukaa, samaki mbichi hakai. Mayai mabichi hukaa kivulini, mayai yaliyopikwa ni ya kuliwa papo hapo.

Pili, je, kitaiva chini ya saa moja hivi? Hapa najua nitalaumiwa, maana mbaazi nimeziacha nje ya orodha. Mahamri bila mbaazi! Lakini mbaazi kavu, hata zikirowekwa, hula kuni na muda, na kuzichemsha usiku ili zilale hadi asubuhi katika joto letu ni kutafuta maradhi. Pojo huiva upesi zaidi na hufanya kazi ile ile mwilini.

Tatu, je, chaweza kupikwa kwa sufuria moja au mbili, na watoto wenyewe wakasaidia? Kambi ya vijana ni mahali pa kujifunza. Kijana wa kiume anayerudi nyumbani akijua kukuna nazi na kupalia makaa amefaidika kuliko aliyeletewa sahani mkononi.

Milo sita

*Ijumaa usiku: chapati na mayai ya nyanya.* Mkifika mmechoka, na huenda giza limeshaingia, kwa hivyo chapati zipikwe nyumbani. Kilo mbili za unga wa ngano hutoa chapati ishirini na tano hivi. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga kwa kitambaa safi. Zikifungwa moto hutoa jasho, na jasho ndilo linaloleta ukungu. Kambini kaanga vitunguu sita na nyanya nane kwa mafuta kidogo, tia bizari, chumvi na pilipili, kisha vunjia mayai ishirini na ukoroge hadi yaive kabisa. Kazi yote ni ya dakika ishirini.

*Jumamosi asubuhi: uji na mahamri.* Mahamri nayo yapikwe nyumbani. Kilo moja na nusu ya unga yatosha kila mtu kupata matatu. Uji wa mtama au wa mahindi, nusu kilo ya unga, utiwe sukari na ndimu. Uji hushikilia tumbo kuliko chai tupu, na watoto watakaotembea juani wahitaji kitu cha kushikilia.

*Jumamosi mchana: muhogo wa nazi na ng'onda wa kuchoma.* Kilo nne za muhogo mtamu, uumenywe, ukatwe vipande na utolewe ule uzi wa katikati. Tia sufuriani pamoja na kitunguu, nyanya, bizari na chumvi kidogo, kisha umwagie tui jepesi la nazi mbili. Ukilainika, tia tui zito, punguza moto na uwe unakoroga polepole. Moto ukiwa mkali tui litakatika. Muhogo usiliwe mbichi hata kwa mzaha, hasa na watoto, kwani aina nyingine zina sumu ambayo hupunguzwa kwa kumenywa na kupikwa vizuri.

Ng'onda mroweke kwenye maji ya moto nusu saa, mwoshe chumvi, kisha mchome juu ya makaa yale yale. Mkamulie ndimu, mpake pilipili. Chumvi yake ni nyingi, kwa hivyo onja muhogo kabla ya kuuongeza chumvi.

*Jumamosi usiku: mseto wa pojo na mchuzi wa papa.* Hiki ndicho chakula kikuu cha safari, na ndicho cha bei ya chini zaidi ukilinganisha na kinavyoshibisha. Roweka pojo nusu kilo tangu asubuhi. Zichemshe hadi zianze kulainika, kisha tia mchele kilo moja ulioshwa, chumvi na tui jepesi la nazi mbili. Wali ukikaribia kuiva tia tui zito, songa kwa mwiko hadi vishikane, funika, na upalie makaa machache juu ya kifuniko. Si lazima mchele uwe wa daraja la kwanza. Mchele wa chenga hufanya mseto mzuri, na bei yake ni ndogo.

Mchuzi upikwe kwanza, kabla ya mseto, ili sufuria ya pili isihitaji moto wa pili. Nusu kilo ya papa mkavu ioshwe mara mbili tatu kwa maji ya moto na ichambuliwe miiba. Kaanga vitunguu, thomu na nyanya, tia bizari, papa, ukwaju na tui la nazi moja. Uwe mzito kidogo, maana mseto wenyewe ni laini.

*Jumapili asubuhi: viazi vitamu, mayai na chai ya tangawizi.* Kilo nne za viazi vitamu zichemshwe na maganda yake. Mayai kumi yaliyobaki katika trei yachemshwe pia, moja kwa kila mtu. Chai ipikwe kwa maziwa ya unga, kwa kuwa maziwa mabichi hayatavumilia siku mbili.

*Jumapili mchana: sima na samaki wa kuchoma.* Mkiwa ufukweni, huu ndio wakati wa kununua samaki kwa wavuvi wakirudi asubuhi. Tafi kumi wa wastani, au changu, wasafishwe papo hapo, wapakwe chumvi, thomu na ndimu, wachomwe. Pakiti moja ya unga wa mahindi wa kilo mbili yatosha sima. Lakini usiutegemee uvuvi. Bahari ina siku zake, na wakati wa kusi kali vyombo vidogo huenda visitoke. Ndiyo maana orodha ina nusu kilo ya pojo za akiba. Samaki asipopatikana, pojo za nazi zitakula sima hiyo hiyo.

Orodha ya sokoni kwa watu kumi

Vya wanga:
- Mchele kilo 1
- Unga wa ngano kilo 3 na nusu (chapati na mahamri)
- Unga wa mahindi kilo 2
- Unga wa uji nusu kilo
- Muhogo kilo 4
- Viazi vitamu kilo 4

Vya kujenga mwili:
- Pojo kilo 1 (nusu ya mseto, nusu ya akiba)
- Mayai trei 1 (30)
- Ng'onda kilo 1
- Papa mkavu nusu kilo
- Maziwa ya unga nusu kilo

Viungo na vya kuongezea ladha:
- Nazi 6 (tano za mapishi, moja ya pojo za akiba)
- Vitunguu maji kilo 2, nyanya kilo 2
- Ndimu 15, ukwaju kidogo, thomu, tangawizi, pilipili
- Bizari, iliki, majani ya chai, chumvi
- Mafuta ya kupikia lita 1
- Sukari kilo 1 na nusu

Vya kutafuna njiani:
- Tende kilo 1, njugu kilo 1, ndizi mbivu kichane kimoja au viwili

Bei sikuziandika, kwa kuwa soko la Kongowea si duka la Lamu, na bei ya leo si ya mwezi ujao. Fanya hivi: chukua orodha, nenda sokoni, andika bei mbele ya kila kitu, jumlisha, gawanya kwa kumi. Kisha fanya hesabu kama hiyo kwa mkate, soda, chipsi na soseji za milo sita. Ziweke hesabu mbili hizo mbele ya kamati ya safari na muache ziseme zenyewe.

Yako mambo mawili ya kupunguza zaidi. La kwanza ni kuchanga kwa vitu. Mwenye mnazi alete nazi, mwenye kuku alete mayai, mwenye shamba alete muhogo, na asiye na kitu alete mikono yake kupika chapati. Mchango wa aina hii haumuaibishi mtu. La pili ni kula siniani. Masinia mawili ya watu watano watano huondoa haja ya sahani, hupunguza maji ya kuoshea, na chakula hakibaki vipande vipande vya kutupwa.

Kabla ya kununua, waulizeni wazazi kama kuna mtoto anayedhurika na njugu, mayai au samaki. Swali hili lijibiwe kwa maandishi kabla ya safari. Kambini, mbali na hospitali, si mahali pa kuligundua.

Moto

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita, wenye kichomeo chake juu, watosha milo yote hii, na mara nyingi kuna mtu mwenye kuuazima. Ukikosekana, chukua seredani mbili na gunia dogo la makaa. Makumbi na vifuu vya nazi ni kuni nzuri na ni za bure. Mikoko msiikate. Kuikata bila kibali ni kosa, na pia ndiyo malezi ya samaki hao mnaotaka kuwachoma Jumapili.

Mkiwa katika hifadhi au msitu kama Shimba Hills au Arabuko-Sokoke, moto huwashwa pale tu palipoonyeshwa na askari wa hapo. Mkiwa ufukweni, chimbeni shimo fupi, wekeni mafiga matatu, na upande unakotoka upepo muwe na kizuizi. Mwezi wa Agosti upepo wa kusi utawamalizia makaa mkipikia mahali wazi.

Baada ya kupika, moto uzimwe kwa maji hadi makaa yawe baridi mkononi. Kuyafukia kwa mchanga hakuyazimi. Hubaki na moto chini kwa saa nyingi, na anayekuja kuyakanyaga ni mtoto aliye pekupeku.

Maji

Hesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu kumi kwa siku mbili ni lita mia moja, yaani madumu matano ya lita ishirini. Maji ya kisima yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja nzima kabla ya kunywewa.

Maji ya udhu yana hesabu yake. Kopo la lita moja latosha mtu kutawadha akiwa mwangalifu, kwa hivyo watu kumi kwa swala tano ni lita hamsini kwa siku. Mkiwa bara, kama Shimba Hills, ongezeni madumu hayo au ulizeni mapema kama pana bomba. Mkiwa pwani, maji ya bahari ni tohara na yafaa kwa udhu, na kwa njia hiyo maji matamu yatabaki ya kunywa. Masufuria nayo yasuguliwe kwa mchanga na maji ya bahari, kisha yasuuzwe kwa maji matamu kidogo.

Chakula kisije kikawa maradhi

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo panapopuuzwa.

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Jua likiwa kali, kama Disemba na Januari, hesabu saa moja. Kipimo kizuri ni kupika kiasi kitakacholiwa. Kiporo cha wali au mseto kilicholala sufuriani ndicho kibaya zaidi. Katika punje za mchele kuna vijidudu vinavyostahimili hata kuchemka, na wali ukikaa katika uvuguvugu huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto asubuhi. Kwa hivyo hapana wali wa kulala kambini, hata ukinukia vizuri.

Samaki mbichi aliyekaa juani naye ana sumu yake, hasa jamii ya jodari. Aliyemla huwashwa mdomo, uso humwiva, kichwa humgonga, na kupika hakusaidii. Nunua samaki mwenye jicho linalong'aa, shavu jekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza, na mpike ndani ya saa moja au mbili.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula, hasa mnapokula siniani. Mwenye kuharisha asiguse chakula cha wengine.

Mtu akiharisha, mtengenezee maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila mlima. Mnyweshe kidogo kidogo mara kwa mara. Ukiona damu katika choo, homa kali, au mtoto amelegea na hapati mkojo, hapo mambo ya kambi yamekwisha. Mpeleke hospitali.

Wanyama na taka

Chakula kisilale ndani ya hema. Nyani na tumbili hujua kufungua zipu kuliko baadhi yetu, na kule Shimba Hills kuna ndovu, ambao harufu ya ndizi au embe huwavuta. Kiwekwe ndani ya gari lililofungwa vioo, au kwenye ndoo yenye kifuniko mbali na mnapolala.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Na tangu Juni 2020, chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Kwa hivyo beba vikapu, vyombo vya bati na chupa za kujaza tena. Msemo wa "tutanunua maji ya chupa huko" waweza kuwarudisha langoni. Maganda na mabaki yarudi nanyi nyumbani. Wavuvi na wanakijiji wa hapo hawakuwaalika muwaachie jaa.

Kwa kamati ya safari

Wazee walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kambi ni daftari, kikapu na Ijumaa asubuhi moja ya kupika chapati na mahamri kwa pamoja. Karatasi ya mchango inayofuata ikiandikwa, fungu la chakula lipimwe upya kwa orodha hii, na pale penye kupungua papungue kwa ajili ya yule mtoto ambaye kila mwaka huambiwa "safari ijayo, inshallah". Mwenyezi Mungu awape safari ya kheri.